Anza na bamvua: njia za kuingia kwenye sayansi ya bahari na visiwa ukiwa Tanga

Kila tangazo la ufadhili wa masomo ya bahari likitoka, huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya hapa Tanga siku mbili tatu, kisha hupotea. Wengi hulisoma, wachache huomba, na wengi wa wanaoomba huandika sentensi ileile: naipenda bahari, nataka kuihifadhi. Anayechambua maombi ana rundo zima la sentensi hiyo. Anayemtafuta ni mtu aliyekwisha kuipima bahari, hata kipande kidogo: fremu 33 za nyasi bahari, pweza mia waliopimwa uzito Kigombe, kiwanja kimoja cha mikoko ya Tongoni kilichohesabiwa mti kwa mti. Kwa hiyo siwaanzishii kwenye fomu za maombi. Naanzia ufuoni, kwenye maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kuliko siku za kawaida, ambako mtu asiye na boti wala mtungi wa hewa anaweza kukusanya takwimu zinazosomeka popote duniani. Vyuo, vibali na fedha vitafuata.

Kwanza tujue tulipo. Mwambao wa kutoka kaskazini ya mdomo wa Mto Pangani kuja Tanga una Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009. Silikanti ni samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka tangu zama za dinosari, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kwetu alianza kujulikana kuanzia mwaka 2003, aliponaswa kwenye majarife ya kina kirefu yanayotegewa papa. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walichukua magamba ya silikanti 27 yaliyokuwa yametunzwa, wakayaangalia kwa mwanga maalumu chini ya hadubini, wakaona pete za umri ambazo waliotangulia hawakuziona. Samaki aliyedhaniwa kuishi miaka ishirini hivi, kumbe hufikia karibu 100. Magamba yale yasingekuwa na faida yoyote kama yangetunzwa bila kumbukumbu za samaki wenyewe. Shika hilo, maana litakufaa tukifika kwenye daftari la takwimu.

Mbele ya Pangani kuna Maziwe, eneo tengefu tangu mwaka 1975. Kilikuwa kisiwa chenye miti. Miti ikaisha, mchanga ukakosa wa kuushika, na kufikia miaka ya 1980 kikabaki fungu linalofunikwa maji yakijaa. Kasa wanaendelea kupanda kutaga palepale. Mayai yakiachwa huzama na kuoza, ndiyo maana huhamishiwa Ushongo, upande wa bara. Kuhamisha mayai ya kasa ni kazi ya wenye kibali, lakini kuwasaidia wenye kibali ni mafunzo ya kweli, kwa sababu kazi yenyewe haina nafasi ya kukosea. Mayai yanatakiwa yahamishwe ndani ya saa mbili tatu tangu yatagwe. Baada ya hapo kiini hujishikiza kwenye ganda, na yai likigeuzwa kinakufa. Kwa hiyo kila yai linabebwa likitazama juu kama lilivyokutwa, na shimo jipya linachimbwa kwa kina na umbo la shimo la kasa mwenyewe, juu pembamba, chini papana. Hukaa siku 50 hadi 60. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: likizidi kama nyuzi 29 hivi, wengi hutoka majike. Anayejitolea kukaa na kipimajoto na daftari kwa siku zote hizo anarudi na jedwali ambalo chuo chochote kitalisoma kwa makini.

Nyasi bahari, zoezi la kwanza

Nashauri anayeanza aanze na nyasi bahari. Hazikimbii, hazihitaji kuzamia, na utaratibu wa Seagrass-Watch unatumika nchi nyingi, hivyo takwimu za Sahare au Mwarongo zinaweza kulinganishwa na za Mombasa au Australia bila ubishi.

Vifaa ni vichache. Tepu ya mita 50, iwe ya faiba, kwa sababu ya chuma hushika kutu mapema sana. Bomba la PVC la nusu inchi la mita mbili na ushee, na kona zake nne. Vijiti sita vya kusimika. Kibao cha plastiki nyeupe kilichosuguliwa kwa msasa ili penseli ishike, na penseli mbili zilizofungwa kwa uzi, maana ile moja lazima itaanguka. Simu yenye GPS ndani ya mfuko usiopitisha maji. Raba zenye soli ngumu, si ndala: samaki-jiwe hukaa ndani ya nyasi hizohizo, na mwiba wake hupenya ndala.

Fremu iwe sentimita 50 kwa 50, kipimo cha ndani kwa ndani. Hapa ndipo wengi wanapokosea bila kujua. Hukata vipande vinne vya sentimita 50, wakavichomeka kwenye kona, wakadhani wamemaliza, kumbe kona zimebadilisha kipimo. Fremu ya 53 kwa 53 ina eneo lililozidi kwa asilimia 12, na ukihesabu machipukizi ndani yake hesabu yote imepotoka. Unganisha kwanza bila gundi, pima ndani, kata tena, ndipo ugundishe. Kisha toboa matundu machache pande zote ili maji yaingie ndani ya bomba, la sivyo fremu itaelea na kukuhama kwenye kila kidimbwi.

Siku ya kwenda usiipange kwa kalenda ya ukutani, ipange kwa mwezi. Bamvua huja siku moja hadi tatu baada ya mwezi mwandamo, na vivyo hivyo baada ya mwezi mpevu. Kwetu maji ya bamvua hupwa kabisa kwenye saa nne hadi saa tano asubuhi, na usiku tena saa hizohizo, yakichelewa kama dakika 50 kila siku inayofuata. Tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita tatu. Maji mafu yakifika, bahari inarudi nyuma kidogo tu, na nauli yako imepotea. Fika ufuoni saa moja na nusu kabla ya kupwa kabisa, yafuate maji yanavyoondoka, na kitambo yanapotulia uwe umeshasimika vijiti vyote.

Tandaza mistari mitatu ya mita 50 kutoka upande wa nchi kavu kwenda upande wa bahari, mistari iwe imeachana mita 25. Weka fremu kwenye sifuri, 5, 10, hadi 50: kumi na moja kwa mstari, 33 kwa jumla. Fremu daima upande wa kulia wa tepu, nawe tembea kushoto, usije ukazikanyaga nyasi kabla ya kuzipima. Soma kwanza zilizo mbali zaidi baharini, rudi ukisoma kuelekea nchi kavu. Sababu ni usalama kuliko sayansi: kwenye mafungu yetu maji hayarudi kwa mbele, hurudi kwa mikondo iliyo nyuma yako, na mtu aliyeinama juu ya fremu anashtuka yamemfika kiunoni upande wa kurudia. Mwenzako mmoja asipime chochote, kazi yake iwe kutazama mkondo na saa.

Ndani ya kila fremu andika mambo haya kwa mpangilio uleule: mchanga au tope (ushike kwa vidole, usikisie kwa macho), asilimia ya eneo lililofunikwa na nyasi, aina za nyasi na mgawo wa kila moja, urefu wa majani matatu hadi matano ukiacha yale marefu kupita kiasi, na asilimia ya mwani. Piga picha kwenye mita 5, 25 na 45, ukiwa umesimama wima juu ya fremu, kivuli chako kikiwa nje, na kibandiko chenye namba ya fremu kikionekana.

Aina za nyasi hazitishi ukizishika. Enhalus acoroides ina majani marefu kama ukanda na nywele nyeusi ngumu kwenye shina lililozikwa. Thalassodendron ciliatum ina kikonyo kigumu kama mti, majani yamekusanyika juu kama feni. Thalassia hemprichii majani yake yamepinda kama mundu na yana vistari vya rangi ya hudhurungi. Zinazochanganya ni Cymodocea mbili. Pitisha ncha ya jani changa kati ya vidole: ikikwaruza kama msumeno mdogo ni serrulata, ikiteleza ni rotundata. Chukua jani zima lisilolika ncha, maana samaki kama tasi hula ncha na kukuacha na jani lisilo na jibu. Ukifika nyumbani hakiki tahajia ya kila jina kwenye orodha ya dunia ya viumbe vya bahari inayoitwa WoRMS. Herufi moja ikikosewa, programu itahesabu aina mbili pale penye moja.

Ugonjwa mkubwa wa zoezi hili ni jicho. Mtu huanza asubuhi akisema asilimia 40, na kufikia fremu ya ishirini, jua limemchoma kichwani, fremu ileile angeiita 60. Dawa yake: kabla ya kuanza, wawili msome fremu kumi zilezile bila kuambiana, kisha mlinganishe. Mkitofautiana zaidi ya kumi, kaeni chini mjadiliane, msome nyingine kumi. Rudieni tano katikati ya kazi. Andikeni tofauti zenu kwenye ripoti, msizifiche. Msomaji mwenye ujuzi humwamini zaidi anayejua ukubwa wa kosa lake.

Pweza, mikoko na panya

Asiyeweza kungoja bamvua anaweza kupima bandarini. Pweza ni kiumbe mzuri wa kujifunzia, kwa kuwa hukua haraka na vijiji kadhaa vya mwambao vimekuwa vikifunga miamba kwa muda ili akue. Unahitaji mizani ya kuning'iniza inayosoma gramu, rula, na subira ya kukaa na akina mama na akina baba wanaporudi mwambani. Kanuni za uvuvi zinakataza pweza chini ya gramu 500, kwa hiyo mtu akiona mizani hudhani umekuja kumkamata. Usipime chochote siku ya kwanza. Eleza, kunywa chai, rudi kesho na mtu wa BMU, kikundi cha kijiji kinachosimamia rasilimali za uvuvi.

Uzito peke yake hausemi mengi. Uliza mvuvi ametumia saa ngapi mwambani, ametembea au ametumia ngalawa, walikuwa wangapi, mwamba gani. Ukijua kilo kwa mvuvi kwa saa ndipo unaweza kulinganisha mwezi huu na ule. Waliorudi mikono mitupu nao waandikwe. Ukiwaacha, utatoa picha ya bahari iliyojaa pweza wakati nusu ya watu wamelala njaa. Dume hutambulika kwa mkono wa tatu wa kulia, ambao ncha yake haina vinyonyo na imeumbika kama kijiko kidogo. Ikiwa mkono umekatika, andika "haijulikani", usibahatishe.

Kwa mikoko, kiwanja cha mita 10 kwa 10, kila mti jina, mzingo na urefu. Mzingo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, kisha ugawe kwa 3.14 upate kipenyo. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya matao, hupimwa sentimita 30 juu ya tao la juu kabisa, ama sivyo utakuwa umepima mizizi. Mchu, mkandaa, muia na mlilana hufuata kanuni ya kawaida. Andika majina ya kienyeji na ya kisayansi yote mawili, kwa sababu jina la kienyeji hubadilika ukitoka Mkinga kwenda Pangani.

Visiwa vina somo lao, nalo watu wa kwetu hulisahau: panya. Kwenye visiwa vingi vya Bahari ya Hindi ndege wa baharini hutaga chini, na panya walioletwa na vyombo hula mayai na makinda. Kisiwa cha Cousin huko Shelisheli kilinunuliwa mwaka 1968 kumwokoa ndege mdogo mmoja aliyekuwa karibu kwisha, na leo watu husafiri kwenda kujifunza pale. Ujuzi wa mwanzo wa kazi hiyo ni kujua kama panya wapo. Vipande vya nta vilivyochanganywa na siagi ya karanga hufungwa kila baada ya mita 25, hukaguliwa kila asubuhi. Meno ya panya huacha vifereji viwili sambamba, kaa huacha mikwaruzo ya ovyo. Kaa ndio watakaokuharibia kazi, kwani kipande kikiwa chini kinaliwa chote usiku wa kwanza, hivyo kifunge juu ya kijiti au shina, futi moja na zaidi. Kwale, Kirui, Mwewe na Ulenge ni maeneo tengefu, kwa hiyo hata kipande cha nta hakiwekwi pale bila idhini.

Daftari

Jaza kompyuta jioni ileile, mchanga ukiwa bado miguuni. Fremu moja, mstari mmoja wa jedwali. Usiunganishe visanduku, usitumie rangi kubeba maana, usiache pengo pale penye sifuri: sifuri ni "nilitazama, hakuna", pengo ni "sikutazama". Tarehe iandikwe mwaka, mwezi, siku, kwa tarakimu, na safu hiyo uiweke kama maandishi kabla ya kuanza kujaza, ama Excel itaibadilisha kwa namna yake.

Mahali paandikwe kwa digrii zenye desimali. Tanga mjini ni kama -5.07, 39.10. Alama ile ya kutoa ndiyo inayotuweka kusini ya ikweta. Ukiisahau, nyasi bahari zako zinaota kusini mwa Ethiopia, kwenye nchi kavu ya wafugaji. Ukigeuza namba ya kwanza ikawa ya pili, zinahamia Hispania. Makosa haya yamejaa hata kwenye hifadhidata kubwa, nawe unaweza kuyazuia kwa dakika mbili za kuzitupa pointi zote kwenye ramani ya QGIS, ambayo ni ya bure. Programu ya R nayo ni bure kwa hesabu. Takwimu zikishakuwa safi, zinaweza kuwekwa OBIS, hifadhidata ya dunia ya viumbe vya bahari, na kuanzia hapo una kitu cha kuonyesha chenye jina lako.

Vibali

Watu hudhani mwenyeji hahitaji kibali. Anahitaji. Mwanafunzi huanza na barua ya utambulisho ya chuo, inakwenda kwa Katibu Tawala au Mkurugenzi wa Halmashauri, inashuka kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti, na BMU. Kila ofisi huachiwa nakala, na kila nakala yako igongwe muhuri. Ndani ya hifadhi ya bahari na maeneo tengefu unahitaji pia idhini ya wenye hifadhi, yaani Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Mtafiti mgeni hupitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na mwenyeji anayefanya kazi naye ahakikishe jina lake limo kwenye kibali hicho, si kwenye shukrani za mwisho wa ripoti.

Jambo linaloumiza wengi ni sampuli. Matumbawe magumu, farasi wa baharini, kasa, nguva na silikanti wote wamo kwenye CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo kipande cha tumbawe lililokufa au cha ngozi ya kasa cha ukubwa wa ukucha hakivuki mpaka bila hati. Panga uchambuzi ufanyike ndani ya nchi kila inapowezekana.

Wapi pa kusoma na nani hulipa

Aliyemaliza kidato cha nne na hana mpango wa kidato cha tano aangalie FETA, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, kampasi ya Mbegani, Bagamoyo. Astashahada na stashahada zake zinampa mtu mkono wa kazi: nyavu, injini, usimamizi wa uvuvi, ufugaji. Wapo wanaoidharau kwa kuwa si digrii. Wanakosea. Kwenye boti ya utafiti, mtu anayejua kuirudisha injini ikizima mbele ya mwamba anathaminiwa kuliko mwenye digrii anayetapika. Mwenye mchepuo wa CBG au PCB ana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chenye sayansi za majini na uvuvi, na Taasisi yake ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar tangu mwaka 1978, ambako uzamili na uzamivu hufanyika. Zanzibar pia kuna Chumbe, kisiwa kidogo kinachohifadhiwa tangu miaka ya 1990, ambako panya waliondolewa na walinzi wake wengi walikuwa wavuvi.

Bila kutoka nyumbani, OceanTeacher ya UNESCO inatoa kozi za bure kwa intaneti, na ina kituo chake cha kanda Mombasa, kwa jirani zetu wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi. Kozi za usimamizi wa takwimu ndizo ninazozipendekeza kwanza, kwa sababu wanaozijua ni wachache.

Kwa fedha, jina la kwanza kulijua ni WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, makao yake Zanzibar. Ruzuku zake za MARG ziko za namna tatu: ya kwanza kwa utafiti mdogo, ya pili kwa kwenda taasisi nyingine kujifunza mbinu au kuchambua ulichokusanya, ya tatu kwa kuhudhuria mikutano. Hiyo ya pili ndiyo inayomfaa mwenye takwimu zake za bamvua asiyejua afanye nazo nini. Rufford ya Uingereza hutoa ruzuku ndogo za uhifadhi kwa wanaoanza, hutaka wadhamini watatu wanaokufahamu kikazi, na hailipi ada ya shule. Kwa uzamili, Ubelgiji ina shahada ya bahari na maziwa inayotolewa kwa pamoja na vyuo vikuu vya Brussels, Ghent na Antwerp, na VLIR-UOS, shirika la vyuo vikuu vya huko, hufadhili wanafunzi kutoka nchi kama yetu.

Mfadhili wa kweli hadai fedha ili akufikirie. Tofautisha pia ufadhili na nafasi za kujitolea zinazolipiwa: kambi nyingi za visiwani huendeshwa kwa malipo ya wageni, na bei iliyoandikwa kwenye tovuti ni ya mgeni. Andika uulize kama kuna nafasi ya mwenyeji. Mara nyingi haitangazwi.

Kuna sharti moja ambalo halimo kwenye matangazo mengi lakini huwatoa watu wetu: kuogelea. Kozi ya mwanzo ya kuzamia hutaka mita 200 bila kusimama na kuelea dakika 10. Vijana wengi wa pwani, na wasichana hasa, wamekulia mita chache kutoka baharini bila kufundishwa. Inaniuma kila nikifikiria ni wangapi wenye akili ya kazi hii wamebaki nchi kavu kwa sababu hiyo tu. Raskazone maji yakijaa ni tulivu asubuhi, hasa wakati wa kaskazi kabla upepo haujaamka. Miezi mitatu ya kwenda mara mbili kwa wiki na mtu anayejua inatosha kwa wengi.

Kwenye maombi yenyewe, bajeti ndiyo inayosema kama umewahi kufika majini. "Usafiri wa boti" kwa mkupuo mmoja ni alama ya asiyejua. Andika hivi: injini ya nguvu farasi 15 ya viharusi viwili, lita sita hadi saba kwa saa ikienda kasi, saa tatu kwa siku, siku nane. Oili kwa uwiano wa moja kwa hamsini ni mililita 400 kwa dumu la lita 20. Ongeza akiba, maana kanuni ya baharini ni theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya dharura. Nahodha na msaidizi walipwe kwa siku, pamoja na siku mbili ambazo kusi litakataa msitoke, kwani na siku hizo wamekungoja. Jaketi okozi kwa kila aliyemo, si kwa watafiti pekee.

Wadhamini waombwe wiki sita kabla, ukiwapelekea tangazo, rasimu ya andiko lako na jedwali la takwimu zako. Barua ya mdhamini aliyeona jedwali ina mambo ya kusema. Ya asiyeliona inasema una bidii na tabia njema.

Weka kwenye bajeti fungu dogo la kurudisha majibu, na ulitimize kabla ya kutuma ripoti kwa mfadhili. Karatasi moja ya Kiswahili, herufi kubwa, ibandikwe kwenye banda la BMU: tulipima wapi, lini, na nani wa hapa kijijini, pweza kwa mvuvi kwa saa mwezi hadi mwezi, ramani iliyochorwa kwa majina ya miamba wanayoyatumia wao. Acha na peni karibu yake. Watasahihisha majina ya miamba, na masahihisho hayo yaingie kwenye jedwali.